Mapacha wa Mashine ya Kusaga

Jana mjukuu wangu alirudi kutoka kusaga, akatua ndoo ya unga mbele yangu jikoni, unga ungali una joto. Siku hizi wanasaga kwa umeme, mashine inavuma tu na wala hainuki dizeli. Lakini unga wa moto ni unga wa moto. Nilipoingiza mkono kuupima kama umelainika, harufu ikanipanda puani, nikajikuta nimetoka nje, nimesimama juani. Mjukuu ananiuliza, "Bibi, umeona nyoka?" Nikamwambia aniache nipunge upepo. Watoto wa siku hizi kila kitu wanataka waelezwe hapo hapo, na mambo mengine hayaelezeki umesimama.

Nyie wa rika langu mnaikumbuka Mpanda ile. Reli ilikuwa bado mpya, mgodi wa madini ya risasi unachimbwa, watu wanatoka kila pembe kutafuta kibarua. Huko Kasokola kwetu yalikuwa mashamba ya mahindi na pori la miombo, na mashine moja tu ya kusaga, mali ya mfanyabiashara mmoja wa mjini. Baba yangu ndiye aliyeiendesha. Alikuwa Mfipa, alikuja kutafuta kazi mgodini, akajifunza injini huko. Na injini yenyewe ilitoka huko huko mgodini, kuukuu, wameshaichoka, mfanyabiashara akainunua akaijengea banda la matofali mabichi na bati. Asubuhi Baba akiiwasha, kijiji kizima kilijua. Wanawake waliochoka kutwanga walitoka na madebe yao kichwani, wakipiga soga na kutaniana njia nzima.

Ubavuni mwa injini palikuwa na kijiti cha chuma kilichosimama wima, na juu yake vimening'inia vitufe viwili vya chuma, kila kimoja na mkono wake, kila kimoja kinatosha kujaa kiganja cha mtu mzima. Injini ikiwaka, kijiti kinazunguka na vitufe vinazunguka nacho. Mafundi wana jina lao la Kizungu la kifaa hicho. Kwetu kilikuwa Kulwa na Doto, kwa sababu Baba alikibatiza hivyo siku tulipozaliwa, mimi na mwenzangu, wasichana wawili wa tumbo moja. Kwa watu wa huku kwetu anayetangulia ni Kulwa na anayefuata ni Doto. Mimi ni Doto.

Baba alipenda kutueleza. Alituketisha mlangoni mwa banda, mmoja goti hili, mwingine goti lile, akanyoosha kidole. "Injini haina akili," alisema. "Ukiipa mafuta inakimbia tu, itakimbia mpaka ijipasue. Hawa wawili ndio akili yake. Ikizidi mbio, wao wanatanuka, wanavuta huu mkono hapa, mafuta yanapungua. Mahindi yakijaa kinuni ikachoka, wao wanashuka, springi inayafungua mafuta tena. Hivyo hivyo, kutwa." Tulimsikia, ila tulielewa kivyetu. Sisi tuliona wale wawili ndio wanaoikimbiza injini, kama ng'ombe wa plau, na wakitanuka tulijua wamefurahi. Tulikuwa tunawapigia makofi.

Masika moja Kulwa akashikwa na homa, na kabla mvua haijakatika akafa. Mimi sikuambiwa amekufa. Mama yangu alikuwa Mkonongo, na kwao pacha haliliwi. Ukimlilia aliyetangulia, unamwita aliyebaki amfuate. Basi akazikwa kimya kimya, watu macho makavu, na bibi yangu mzaa mama akaniambia Kulwa amekwenda Uvinza kuchukua chumvi. Nikaona sawa. Uvinza mbali, chumvi nzito, atachelewa.

Kisha Mama akachukua kibuyu kidogo, akakivika kitambaa kile kile cha gauni langu, akakilaza ubavuni pangu. Hicho ndicho kikawa Kulwa wa nyumbani. Nikipewa uji, kinapakwa uji mdomoni. Nikipakwa mafuta, kinapakwa. "Mapacha hupewa sawa," Mama alisema. "Ukimnyima mmoja, mwenzake ndiye anayelipa." Baba alikuwa mtu wa kwenda misa, na katekista akamvuta pembeni kumwambia mambo yale si mazuri. Baba akamuuliza, "Katekista, wewe umeshazika mtoto?" Habari ikaishia hapo.

Mama hakulia. Nilimwona anameza tu, anameza, kama aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Watu walipoanza kumwita Mama Doto, kwa nia njema tu, hakuitika. Walirudi wenyewe kumwita Mama Kulwa.

Mavuno yaliyofuata, kitufe kimoja kikakatika shingo. Injini ilikuwa inazimwa, kwa hiyo kikadondoka tu chini, hakuna aliyeumia. Lakini kilikuwa kile tulichokiita Kulwa, na habari ilifika nyumbani kabla Baba hajafika. Mama alikuwa anachambua maharage. Aliacha ungo chini, akaniita, akanishika shavu, akaniangalia macho yote mawili, jicho moja moja.

Baba alikifungua na kile kizima, akafunga banda. Mwenye mashine akaja kutoka mjini amefura. "Watu wamejaa na mahindi, wewe unaniambia habari ya vitufe?" Baba akamjibu bila hivyo viwili hawashi, labda aje awashe mwenyewe. Yule bwana akasema kifaa kingine kitaagizwa Dar es Salaam, na wote tulijua maana yake, maana hata barua ya Dar es Salaam ilikuwa inafika watu wameshasahau walichouliza. Baba akatuma ujumbe kwao Ufipa, kwa wahunzi, wamfulie kitufe cha chuma. Hilo nalo lilitaka muda. Mashine ikanyamaza.

Juma lile lile nikashikwa na homa.

Nakumbuka baridi yake, na dari ya nyasi inavyosogea na kurudi. Nakumbuka pia ukimya. Tulizoea mlio wa injini kutwa, na sasa ilikuwa njiwa tu na michi ya majirani waliorudi kutwanga. Mama alikaa kitandani pangu na Bibi akichemsha majani yake jikoni, na Baba akasimama mlangoni.

"Baba Kulwa," Mama alisema, "washa mashine."

"Mke wangu, kile ni chuma. Hakina ndugu humu ndani."

"Aliyewapa majina ni nani? Ni mimi?"

Mama akaendelea, sauti ya chini kabisa. "Kulwa wako amevunjika, Doto wako umemtia kwenye sanduku. Na huyu wangu umeona alivyolala? Unasubiri nini?" Akakichukua kibuyu kutoka ubavuni pangu, akakivua kitambaa taratibu kama anavyovuliwa mtoto wa kuogeshwa, akakiweka mkononi mwa Baba. "Mweke na mwenzake wakimbie pamoja."

Mpaka leo najiuliza kwa nini alikubali. Hakuwa mtu wa mambo hayo. Nadhani alinitazama pale nilivyokuwa natetemeka akaona kwamba yeye, na akili zake zote za injini, hana kitu kingine cha kunipa. Na nyie mnajua, mwanamume asiye na cha kutoa atatoa hata alichokwisha kukikatalia.

Kazi aliifanya uani kwetu, na mimi nilitolewa nje nikalazwa mkekani nione. Alikuwa na vipande vya mawe ya risasi kutoka mgodini, vya kijivu, vidogo lakini vizito ajabu. Akavitia kibuyuni kimoja kimoja. Akachukua fito, akaifunga kamba katikati akaitundika, upande huu kitufe cha chuma, upande ule kibuyu, akawa anaongeza na kupunguza mpaka fito ikatulia. "Lazima walingane," alisema. "Mmoja akizidi, injini itatikisika mpaka ing'oe misumari." Mama akamjibu, "Si ndicho ninachosema siku zote? Mapacha hupewa sawa." Wakatazamana. Tangu masika ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wamekubaliana. Kisha Baba akakishonea kibuyu ngozi mbichi ya mbuzi ili ikikauka ikibane, akakifunga kwa waya kwenye mkono uliobaki.

Mashine ikawashwa. Bibi alisema jasho lilinitoka mlio ule ule wa kwanza, na jioni nikaomba uji. Huenda ilikuwa majani yake, huenda homa ilikuwa imefika mwisho wake. Lakini nani angemwambia Mama hivyo? Alikwenda bandani akasimama mlangoni, akawatazama wale wawili wakizunguka, chuma na kibuyu, akatabasamu. Sikuwa nimeyaona meno yake kwa muda mrefu.

Mimi sasa nililala peke yangu, ubavu mtupu. Asubuhi nilikuwa nakimbilia bandani kumtazama. Na hapo ndipo nilipoanza kuona kitu, na naapa nilikiona kabla ya watu wazima. Mashine ilikuwa inakwenda mbio zaidi. Si kwa siku moja, polepole tu. Mkanda ulikuwa unapiga taratibu, ukaanza kupiga haraka. Wanawake walifurahi, unga unatoka upesi. Jirani yetu Mama Tatu, aliyekuwa na mdomo kuliko wote, akasema, "Mashine ya Baba Kulwa siku hizi ina mori! Sijui anainywesha nini." Wakacheka. Mimi nilijua zaidi yao. Kulwa ndiye anayeikimbiza, na anakimbia kwa sababu anarudi nyumbani. Yuko njiani kutoka Uvinza, na kila siku yuko karibu zaidi.

Kisha kwenye mshono wa ngozi ukaanza kutoka unga mweusi mweusi, laini kama masizi. Nikamwonyesha Mama. Akaugusa kwa kidole, akausugua, akasema, "Anatoa jasho. Mtu anayefanya kazi hutoa jasho." Akafurahi tena. Baba naye aliugusa. Alikinusa kidole, akakifuta kwenye suruali, akabaki amesimama pale mpaka mtu wa nje akaita mahindi yamekwisha kinuni.

Leo nayajua aliyoyajua yeye. Yale mawe yalikuwa yanasagana humo ndani, yanakula kibuyu kutokea tumboni, na vumbi lao linatoka. Kila kilichotoka kilikipunguza uzito, na kitufe chepesi hakitanuki mpaka injini ikimbie zaidi. Akilegeza springi kidogo, mbio zinashuka, baada ya siku chache zinapanda tena. Alikuwa anaisikia. Chakulani alikuwa anaacha tonge mkononi akitega sikio, na mashine imezimwa.

Ndipo binamu yake akafika kutoka Ufipa na kitufe kimefungwa kwenye majani makavu ya mgomba. Cheusi, kizito, shingo yake nene. Baba alikigeuza geuza mkononi, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyelipiwa kodi. "Kesho nakitia," akasema. "Namrudisha mtoto nyumbani, apumzike."

Mama hakupandisha sauti. "Umtoe Kulwa, umweke mgeni?"

"Mama Kulwa, kile kibuyu kitapasuka."

"Huyu alipona lini? Niambie tu. Alipona lini?"

"Siku ile mashine ilipowaka," Baba akasema.

"Basi."

Baba akakitazama kitufe, akanitazama mimi. Akakifunga tena kwenye majani yake, akakiweka kwenye sanduku la spana. "Mavuno yakiisha," alisema. Mama akampa maji ya kunawa, tukala. Mimi nilifurahi sana, jamani, nilifurahi kupita kiasi.

Tangu hapo Baba alibadilika. Zamani alikuwa anakaa kwenye kigoda mlangoni akivuta kiko na kujibu utani wa wanawake. Sasa alisimama ndani kutwa, mkono karibu na ule mkono wa mafuta. Foleni ya madebe akaihamishia upande wa pili wa banda. Akamwaga pumba chini kama mstari, akasema yeyote atakayeuvuka kabla ya zamu yake atasagiwa wa mwisho. Mama Tatu akamwuliza, "Kumeingia nini humo, chui?" Baba hakucheka. Mimi nikafukuzwa mlangoni kabisa. Nililia, nikasema anamwonea Kulwa wivu, anataka awe wa kwanza kumwona akifika. Akachuchumaa mbele yangu, mikono yake imejaa grisi, akaogopa kunishika gauni. "Doto," akasema, "nikikwambia kaa mbali, kaa mbali. Kaa na mama yako."

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida, jua kali, wanawake wengi kwa sababu kesho yake palikuwa na arusi. Mama Tatu alikuwa ndani anamimina, mimi na Mama tuko nje na debe letu. Debe lake likaisha, na kabla ya kuinua la pili akasimama kidogo kujifunga kanga. Ni hicho tu. Kinu kikabaki kitupu, injini haina cha kusaga, ikaruka. Siku nyingine ingeruka na wale wawili wangeishika. Tulisikia mlio unapanda, unapanda, halafu kishindo kama bunduki, bati likatoboka, na Mama Tatu akatoka amesukumwa na Baba, akaanguka kifudifudi juu ya pumba.

Mlio uliofuata sina neno la kuueleza. Hakuna kilichoizuia injini tena. Mkanda ukaruka, kuta zikatetemeka, udongo ukawa unamiminika kwenye matofali. Wanawake walikimbia wakiacha madebe. Mama hakukimbia. Alinikumbatia kwa nyuma, kucha zake zikaniingia mabegani, akawa anasema, "Zima, zima, zima." Na mimi nilikuwa natazama mlango, nikitabasamu. Nilidhani amefika.

Kisha ikaanza kushuka. Ikanguruma, ikakohoa, ikazima. Baba akatoka ameshika mlango, mweupe kwa unga toka kichwani, na damu inamtoka juu ya sikio ikichora njia kwenye ule unga. Akakaa kwenye gunia la mtu. "Nimeizima?" akauliza. Mama akamwambia, "Umeizima, baba." Akauliza tena, "Mtoto yuko wapi?" Mama akanisukuma mbele. "Huyu hapa. Mzima." Akaniangalia kama ananipima. "Basi," akasema. Walimpakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe kumpeleka hospitali mjini, na wakarudi naye kabla hawajafika nusu ya njia.

Walipokuwa wakihangaika naye mimi niliingia bandani. Kulikuwa na unga hewani, na chini vipande vya kibuyu, ngozi iliyopasuka, na mawe ya kijivu yametawanyika. Nilitafuta nyuma ya injini, nikatafuta nyuma ya pipa la maji. Nikatoka nikamwuliza Bibi, "Kulwa amefika?" Bibi hakuwahi kunipiga maishani. Alinizaba kofi, halafu akanivuta kifuani akanibana mpaka nikakosa pumzi, na kwa namna alivyonibana nikajua. Hakuna mtu aliyekuwa amekwenda Uvinza.

Baba alizikwa kesho yake, katekista akisalisha. Kumlilia yeye kulikuwa ruhusa, na watu walilia. Mama alikaa chini miguu imenyooka, kanga imemteremka, analia kilio cha mjane kama ilivyo desturi, na wanawake wamemzunguka. Nilikuwa nimesimama karibu na Bibi. Mchanga ulipoanza kushuka kilio kikabadilika. Niliusikia unapanda kutoka chini kabisa, ule mwiba uliokwama kooni muda wote ule, na Mama akaita, "Kulwa! Kulwa wangu! Kulwa mwanangu wee!"

Bibi alimrukia akamziba mdomo. "Nyamaza! Utamchukua na huyu!" Mama akaung'ata mkono wa mama yake, akaendelea kuita. Alimlilia Kulwa pale mbele ya kaburi la Baba, kwa jina, kwa sauti yote, na hakuna aliyeweza kumshika. Wanawake wote wakageuka kunitazama mimi.

Nilijua sheria. Nilifundishwa vizuri. Nikasimama nikisubiri kufa, mikono nimeibana ubavuni, na sitaficha, nilimchukia Mama. Niliona amechoka na mimi, ameamua kunitoa ili awapate wale wengine. Nilisubiri miguu ilegee. Haikulegea. Waliokuwa wanafukia wakaegemea majembe. Mama naye akaacha kulia, akageuka polepole kunitazama, na sijawahi kuona mtu ameogopa vile.

"Mama," nikasema, "nina njaa."

Bibi akapiga magoti. Mama Tatu akajifunika uso kwa kanga akaanza kulia, halafu mwingine, halafu wote, na sasa walikuwa wanamlilia Kulwa, kila mtu alikuwa na kilio chake alichokiweka tangu masika. Na Mama akainuka. Desturi yetu mjane haondoki kaburini mpaka wakubwa wamwondoe, na hagusi jiko mpaka matanga yaishe. Alinishika mkono tukapita katikati ya watu, hakuna aliyethubutu kumzuia. Nyumbani akawasha moto, akasonga ugali, akakaa mbele yangu kutazama ninavyomeza.